Kabla hujaomba uhakimu: mirathi inakusubiri mahakama ya mwanzo

Vijana wengi wa sheria wanaoutamani uhakimu hapa Tanzania huwaza kesi za jinai. Ukipangiwa mahakama ya mwanzo, huenda asubuhi yako ya kwanza ikaanza na mjane aliyeshika cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo kilichompendekeza msimamizi wa mirathi. Jiandae kwa ajili yake.

Upande wa vyeti hauna mengi: shahada ya sheria, mafunzo ya uanasheria kwa vitendo, kisha kuomba nafasi zinapotangazwa na Tume ya Utumishi wa Mahakama.

Kazi ni kujua marehemu anaongozwa na sheria ipi. Mahakama ya mwanzo husikiliza mirathi inayofuata sheria za kimila au za Kiislamu. Nyingine huenda mahakama ya wilaya au Mahakama Kuu. Kitabuni mpaka huo unaonekana. Nyumbani kwa watu, marehemu alifunga ndoa kanisani, akaoa mke wa pili kimila, na ndugu wanabishana hata kama aliishi kimila au Kikristo. Hapo lazima uulize kwa subira. Faraidhi, yaani kanuni za Kiislamu za kugawa mirathi, uijue kiasi cha kukokotoa kwa mkono: mjane hupata thumuni (sehemu moja ya nane) marehemu akiacha watoto, robo asipoacha. Soma pia Tangazo la Serikali Na. 436 la 1963, linalowaweka mabinti daraja la tatu la urithi wa kimila, kisha ulisome tena ukiwa na Katiba pembeni. Swali la kama daraja hilo linapatana na usawa wa Katiba usilingoje likukute mahakamani. Binti wa marehemu atakuwa amekaa mbele yako.

Muhtasari wa ukoo nao usikutishe. Ni mazoea yanayosaidia, hauchukui nafasi ya sheria. Angalia nani hakusaini, kisha uliza yuko wapi.

Ukishamteua msimamizi, faili halijafungwa. Ana miezi 4 kuleta orodha ya mali na madeni kwa Fomu Na. V, kisha hesabu za mali kwa Fomu Na. VI kwa vipindi utakavyompangia. Msimamizi asiyefuatiliwa huanza kujiona mrithi pekee, na watoto wakaja kugundua nyumba imeshauzwa. Kama huna tabia ya kufuatilia tarehe, anza kuijenga leo.

Na jizoeze kuandika hukumu kwa Kiswahili. Chuoni ulisoma kwa Kiingereza, lakini mjane yule atataka kusoma mwenyewe kwa nini shamba limegawanywa hivyo, na kama hajaridhika, ana siku 30 za kukata rufaa mahakama ya wilaya.