Jinsi ya kupima umbali wa ndege kati ya Nairobi na New York

Ramani bapa ya ukutani haifai kwa kazi hii. Katika ramani ya Mercator, yaani ramani bapa ambayo latitudo na longitudo zake ni mistari iliyonyooka, rula iliyonyooshwa kati ya miji hii miwili hupita juu ya Burkina Faso, ilhali njia fupi kuliko zote hukata Sahara, ikapita Algeria na Morocco ndipo ikaingia Atlantiki. Mstari wa rula ni mrefu zaidi kwa takriban kilomita 350.

Kama una tufe la dunia, chukua uzi usiovutika. Bana ncha moja Nairobi, ukaze hadi New York, kisha upime uzi huo kwa rula. Kwenye tufe la kipenyo cha sm 30, kila sentimita ni kama km 425, hivyo utapata karibu sm 28. Lakini uzi ukiteleza milimita 2 tu, umepotea km 85. Kikokotoo ni salama zaidi.

Andika latitudo na longitudo za viwanja vya ndege vyenyewe, si za katikati ya miji. Jomo Kenyatta: −1.32 na 36.93. John F. Kennedy: 40.64 na −73.78. Kusini na magharibi hubeba alama ya kutoa. Kisha:

cos D = sin A × sin B + cos A × cos B × cos L

D ni umbali kwa nyuzi (digrii). A na B ni latitudo za viwanja viwili. L ni tofauti ya longitudo: 36.93 − (−73.78) = 110.71. Sehemu ya kwanza inatoa −0.0150, ya pili −0.2683, jumla −0.2833. Bonyeza cos⁻¹ upate nyuzi 106.46. Zidisha kwa 111.19, yaani kilomita za nyuzi moja: kilomita 11,837. Ukizidisha kwa 60 badala yake, unapata maili za baharini 6,387, kipimo wanachotumia marubani.

Makosa mengi hutoka kwenye alama. Ukisahau ile ya New York, jibu linashuka hadi km 5,970 hivi, na hilo utalishtukia mara moja. Hatari ni kusahau ile ya Nairobi: unapata kama 11,640, jibu linaloonekana sawa kabisa. Hakikisha pia kikokotoo kiko kwenye DEG (digrii), si RAD (radiani).

Usigawanye umbali huo kwa kilomita 900 ukadhani umepata muda wa safari. Ndege hupanda, hukwepa anga zilizofungwa na huzunguka ikisubiri kutua; tena upepo wa juu huvuma kutoka magharibi. Ndiyo sababu safari ya moja kwa moja ya Kenya Airways, iliyoanza Oktoba 2018, ilipangiwa takriban saa 15 kwenda na 14 kurudi.

Ukibadilisha ndege njiani, pima kila kipande peke yake, kisha ujumlishe. Kupitia London ni kama km 6,840 na 5,540, yaani zaidi ya 500 za ziada.