Kaa dakika tano kabla ya kupimwa presha kliniki

Wajawazito wenzangu, juzi nilifika kliniki nikihema kutoka kituo cha daladala, nikapimwa hapo hapo: 146/92. Daktari wa wanawake akaniambia niende haja ndogo kwanza, kisha nikae kimya dakika tano. Kipimo cha pili kikaja 122/78.

Basi fanya hivi kila hudhurio: kibofu kiwe kitupu, keti ukiegemeza mgongo, nyayo zote mbili sakafuni bila kukunja nne, mkono uwe juu ya meza usawa wa moyo, sweta au mkono mzito wa gauni uvuliwe. Usiongee mashine ikisoma. Kutembea haraka, mkojo uliojaa, mkono unaoning'inia, hata maongezi, vyote hupandisha namba. Foleni ikiwa ndefu ndiyo nafuu yako, umeshapumzika. Muuguzi akiwa na haraka, mwombe tu kwa upole, wengi hukubali.

Ila mbinu hii haishushi presha ya kweli. Ukirudia na bado namba ya juu ni 140 au zaidi, au ya chini ni 90 au zaidi, hasa baada ya wiki ya 20, mkojo upimwe protini siku hiyo hiyo, maana huenda ni dalili ya kifafa cha mimba. Ikifika 160/110 ni dharura. Na ukiwa na kichwa kinachouma sana, macho kuona ukungu, maumivu chini ya mbavu au uso kuvimba ghafla, nenda hospitali mara moja, namba iwe nzuri au mbaya.