Antivairasi haiskani kwa ratiba? Anza na saa

Mama mmoja mwenye stationari karibu na Soko la Mbuyuni, hapa Moshi, aliniita. Flashi za wanafunzi zinapita kwenye mashine yake kutwa nzima, na antivairasi ilikuwa haijaskani mwezi mzima. "Fundi, mbona niliipanga saa nane mchana, nikiwa nakula?" Nikafungua, nakuta 8:00 AM. Hiyo ni saa mbili asubuhi, na yeye hufungua saa tatu. Saa nane yetu ya mchana ni 2:00 PM. Kosa hili nalikuta mara nyingi kuliko antivairasi mbovu.

Hatua hizi ni za Windows 10 na 11, kwa Defender, antivairasi inayokuja na Windows yenyewe. Kama umeweka antivairasi nyingine, Defender hujiweka pembeni. Ratiba ipange ndani ya hiyo nyingine.

1. Kagua saa, tarehe na ukanda wa saa. Kompyuta za mtumba huja na ukanda wa huko zilikotoka. Chagua Nairobi, UTC+03:00. Tarehe ikirudi nyuma kila ukiwasha, badilisha kibetri cha CR2032 kilichomo ndani.

2. Bonyeza Windows na R, andika taskschd.msc. Pita Task Scheduler Library, Microsoft, Windows, Windows Defender, kisha bofya mara mbili "Windows Defender Scheduled Scan". "Triggers" ikiwa tupu, hakuna ratiba. Bonyeza "New", weka siku na saa.

3. Nenda "Conditions". Laptopu nyingi hukwama hapa: kukiwa na tiki kwenye "Start the task only if the computer is on AC power", umeme ukikatika saa hiyo, basi tena. Iondoe. "Wake the computer to run this task" huamsha mashine iliyolala. Iliyozimwa haiamki, hata uweke tiki kumi.

4. Kwenye "Settings" weka tiki "Run task as soon as possible after a scheduled start is missed". Ukichoka na yote, fanya hili tu: ratiba iliyopitwa italipwa mashine ikiwashwa.

5. Jaribu: bonyeza "OK", bofya kulia "Windows Defender Scheduled Scan", chagua "Run", kisha bonyeza F5 ili orodha ijisasishe. Chini ya "Last Run Result", 0x41301 maana yake bado inaendelea, 0x0 imemaliza salama, 0x41303 haijawahi kuanza.

Mama nikampangia Jumamosi, 2:00 PM. Akacheka: "Jumamosi nafunga saa saba, fundi." Tukahamia Ijumaa.