Marejeo ya nje na leya katika AutoCAD: kila mstari uwe na faili moja tu

Ukuta mmoja ukichorwa katika faili nne (ya ramani ya sakafu, ya umeme, ya maji na ya samani), siku ukuta huo ukisogezwa kuna faili tatu zitakazodanganya. Fundi wa umeme ataweka swichi nyuma ya mlango kwa sababu mchoro wake bado unauonyesha mlango pale ulipokuwa mwezi uliopita. Marejeo ya nje (xref), yaani faili moja kuonyeshwa ndani ya nyingine bila kunakiliwa, yapo kwa ajili ya kuzuia jambo hilo. Faili moja inaumiliki ukuta, na faili nyingine zote zinautazama tu.

Natumia AutoCAD, programu ya kuchorea ramani kwenye kompyuta, katika maelezo haya. BricsCAD, ZWCAD na DraftSight zinafuata mantiki hiyohiyo, na amri nyingi zina majina yaleyale.

Hatua ya 1: Gawanya mradi kabla ya kuchora

Tengeneza folda moja ya mradi, na ndani yake folda nne: Chanzo, Karatasi, Wataalamu na Kumbukumbu. Chanzo ni makao ya michoro inayomiliki mistari: Gridi.dwg yenye mihimili (mistari ya gridi inayopanga jengo) na nguzo, Sakafu-00.dwg, Sakafu-01.dwg, Kiwanja.dwg, na fremu ya karatasi. Folda ya Karatasi ina faili za kuchapwa, kwa mfano A-101.dwg. Faili hizo hazina ukuta hata mmoja wa kwao. Zina marejeo, vyupoti (viewport, madirisha ya karatasi yanayoonyesha mchoro) na maandishi yanayohusu karatasi hiyo pekee.

Usiweke tarehe wala toleo katika jina la faili chanzo. Mchoro mwenyeji, yaani ule unaoingiza rejeo, unaitafuta faili kwa jina lake, kwa hiyo Sakafu-01.dwg ikigeuka kuwa Sakafu-01-mpya-2.dwg, karatasi zote zitaipoteza, au vibaya zaidi, zitaendelea kuisoma ile ya zamani bila mtu kushtuka. Ukitaka kuhifadhi toleo, nakili faili kwenye Kumbukumbu na uiandike tarehe huko. Jina lililo katika Chanzo halibadiliki tangu mradi uanze hadi uishe.

Hatua ya 2: Kubalianeni vipimo na sufuri

Andika INSUNITS, inayotaja kipimo cha faili, katika kila faili na uhakikishe jibu ni moja kote. Thamani 4 ni milimita, 6 ni mita. Faili chanzo ikiwa ya mita na mwenyeji akiwa wa milimita, programu itaikuza mara 1000 yenyewe. Hilo ni sahihi, ila tu kama mistari imechorwa kweli kwa kipimo kilichotangazwa. Mara nyingi faili inasema milimita huku mtu amechora kwa mita, ndipo jengo zima linaonekana kama nukta pembeni. Pima mlango mmoja kwa amri ya DIST kabla ya kuilaumu programu.

Halafu chagueni sufuri. Nashauri makutano ya mhimili 1 na A yawe 0,0 katika faili zote za jengo, sakafu zote. Kiwanja ni suala tofauti, kwa kuwa mpima ardhi hutoa viwianishi halisi, na namba zake huwa kubwa mno. Usiusogeze mchoro wake, wala usichore jengo huko mbali, maana kuchora mbali sana na sufuri huyumbisha mistari kwenye skrini na huharibu michoro ya kujazia maeneo (hatch). Jengo libaki karibu na 0,0. Kisha ndani ya Kiwanja.dwg liingize kama rejeo, ulisogeze na kulizungusha likae mahali pake kwenye ploti. Katika mradi mzima hapo ndipo pekee ninapokubali rejeo lenye mzunguko.

Hatua ya 3: Safisha leya ndani ya chanzo

Leya ni tabaka la mchoro lenye jina, rangi na unene wake, unaloweza kulizima au kuliwasha. Kazi ya leya inaanzia kwenye chanzo. Tumia majina yanayofuata utaratibu mmoja. Kiwango cha kitaifa cha Marekani hutumia herufi ya taaluma kisha aina ya kitu: A-WALL kwa kuta, A-DOOR kwa milango, A-GLAZ kwa vioo na madirisha, A-FURN kwa samani, S-GRID kwa mihimili, S-COLS kwa nguzo, E-LITE kwa taa. Kuna pia ISO 13567. Chagua kimoja, ukiweke kwenye kiolezo cha DWT, na kila faili ya mradi izaliwe kutoka humo.

Kisha zingatia haya mawili. Kwanza, rangi, aina ya mstari na unene vyote viwe ByLayer, yaani vifuate leya. Kitu kilichopewa rangi nyekundu moja kwa moja hakitaitikia unapobadilisha rangi ya leya kutoka kwenye karatasi. Ukipokea faili iliyojaa vitu vya namna hiyo, amri ya SETBYLAYER ndani ya chanzo huvirekebisha. Pili, usichore chochote kwenye leya 0 ya faili chanzo, isipokuwa ndani ya bloku (vitu vilivyounganishwa kuwa kitu kimoja). Leya zote za rejeo huingia kwa mwenyeji zikiwa na jina la faili mbele, kama Sakafu-01|A-WALL, lakini leya 0 haipati kiambishi hicho: inaungana na leya 0 ya mwenyeji, na vitu vyake vya ByLayer huchukua sura ya leya ambayo rejeo limewekwa juu yake. Mstari wa namna hiyo hutaweza kuuzima peke yake.

Malizia kwa PURGE, inayoondoa visivyotumika, na AUDIT, inayokagua makosa ya faili, uhifadhi.

Hatua ya 4: Ambatisha

Fungua karatasi au mchoro mwenyeji, uhifadhi kwanza ili uwe na anwani. Tengeneza leya maalumu kwa ajili ya marejeo. Mimi huiita X-REJEO. Ifanye kuwa leya ya sasa. Andika XATTACH, chagua faili, na kabla ya kubonyeza kitufe cha kukubali, kagua: sehemu ya kuingizia iwe 0,0,0 bila kuchagua kwa kipanya, skeli 1, mzunguko 0, na aina ya njia ya faili (path) iwe Relative.

Njia ya aina hiyo inahesabiwa kuanzia pale mwenyeji alipo, kwa hiyo folda nzima ya mradi ikihamishwa kwenda kompyuta nyingine, kila kitu kitajipata. Haifanyi kazi kama mwenyeji na rejeo wako kwenye diski tofauti, sababu nyingine ya kuweka mradi wote chini ya folda moja. Tangu AutoCAD 2018 hii ndiyo njia ya kawaida. Matoleo ya awali yalikuwa yakiandika njia kamili, na faili za zamani bado zinabeba njia hizo. Unaweza kuzibadilisha kwenye paleti inayofunguka kwa amri ya XREF.

Kuhusu leya ya X-REJEO: usiigandishe (Freeze) hata siku moja. Ukiizima tu, vitu vya rejeo vilivyo kwenye leya zao huendelea kuonekana. Ukiigandisha, rejeo lote linatoweka. Mtu akilalamika kwamba ramani imepotea lakini paleti inasema rejeo limepakiwa, anza kukagua hapo.

Hatua ya 5: Attachment au Overlay

Hili chaguo dogo kwenye kisanduku cha XATTACH ndilo linaloamua kama mradi utakuwa shwari au vurugu, nalo wengi hulipita bila kulisoma.

Tuseme Sakafu-01 imeingiza Gridi, na A-101 imeingiza Sakafu-01. Je, A-101 itaiona Gridi? Ikiwa Gridi iliingizwa ndani ya Sakafu-01 kama Attachment, ndiyo: inafuatana nayo popote inapokwenda. Ikiwa iliingizwa kama Overlay, hapana: inaonekana kwa aliyeifungua Sakafu-01 tu, na safari yake inaishia hapo.

Sasa fikiria mchoraji wa umeme. Katika faili yake, Umeme-01, anahitaji kuziona kuta, kwa hiyo anaingiza Sakafu-01. Mchoro wa dari nao unahitaji Sakafu-01 na Umeme-01 kwa pamoja. Wote wakitumia Attachment, mchoro wa dari utapata Sakafu-01 kwa njia mbili. Faili ya maji ikiingiza Sakafu-01 na Umeme-01, na ya umeme ikaiingiza ya maji, programu itaonya kwamba marejeo yanazunguka na kurudi yalipoanzia.

Kanuni yangu ni Overlay kila mahali, na Attachment pale tu ambapo kitu hakina maana bila kingine. Nguzo na kuta za sakafu moja hazitenganishwi, kwa hiyo Gridi huingia Sakafu-01 kama Attachment. Karatasi huingiza yote kama Overlay. Mtaalamu anayehitaji mandhari ya kuchorea juu yake atumie Overlay bila mjadala. Ukikosea, aina hubadilishwa kwenye paleti ya XREF bila kuingiza upya.

Hatua ya 6: Tawala leya kutoka kwenye karatasi

Rejeo moja linaweza kutoa karatasi tano zisizofanana. Kwenye leiauti (ukurasa wa kuchapa), bofya mara mbili ndani ya vyupoti, fungua LAYER, na ugandishe kwa safu ya VP Freeze, si ile safu ya kawaida ya kugandisha. Ya kawaida inagandisha kote katika faili hiyo. VP Freeze inagusa vyupoti uliyomo tu. Vyupoti ya ramani ya samani itaonyesha Sakafu-01|A-FURN. Ile ya vipimo itaificha.

Safu za VP Color na VP Lineweight zinakwenda mbele zaidi. Kwa karatasi ya umeme napenda kuta ziwe za kijivu na nyembamba, milimita 0.13 au 0.18, ili taa na waya visomeke juu yake. Hilo hufanywa kwenye vyupoti bila kugusa chanzo. Usilichanganye na XDWGFADECTL, ambayo hufifisha marejeo kwenye skrini pekee na haina athari kwenye karatasi iliyochapwa.

Mpangilio ukishakaa sawa, uhifadhi kwa LAYERSTATE uweze kuurudisha.

Kigeu cha VISRETAIN kiwe 1. Kikiwa 0, mabadiliko yote uliyofanya kwenye leya za rejeo hufutika kila linapopakiwa upya. Ila 1 nayo ina gharama yake: mwenye chanzo akibadilisha rangi ya leya, karatasi yako itaendelea na rangi ya zamani. Ukitaka kupokea mpya, weka 0, pakia upya rejeo hilo, kisha rudisha 1. Fahamu kwamba hapo marekebisho yako ya leya za rejeo yanaweza kupotea, ndiyo maana LAYERSTATE ilitangulia. Pia, leya mpya ikiongezwa kwenye chanzo, itajitokeza kwenye vyupoti zako zote. LAYEREVAL ikiwa 1 programu itakuarifu, nawe ukague kabla ya kuchapa.

Hatua ya 7: Hariri kwenye chanzo

Chagua rejeo, andika XOPEN, rekebisha, hifadhi, kisha rudi upakie upya. REFEDIT inaruhusu kuhariri ukiwa ndani ya mwenyeji, lakini siipendekezi kwa kazi ya timu, kwa sababu ni rahisi kuhamishia kwenye chanzo kitu ambacho hukukusudia. Kwa sehemu tu ya mchoro, tumia XCLIP, inayoficha kilicho nje ya mpaka utakaouchora. Mistari iliyofichwa bado ipo.

Hatua ya 8: Kupokea na kutuma

Faili ya mtaalamu wa nje iende kwenye folda ya Wataalamu, usiihariri. Akileta mpya, iweke juu ya ya zamani kwa jina lilelile, baada ya kunakili ya zamani kwenye Kumbukumbu.

Kutuma, tumia ETRANSMIT, ambayo hukusanya marejeo, fonti na jedwali la kuchapia katika kifurushi kimoja. Anayepokea akitaka faili moja tu, fanya Bind (kuliingiza rejeo moja kwa moja ndani ya faili) kwenye nakala ya kutuma, kamwe si kwenye faili ya kazi. Chaguo la Bind hugeuza Sakafu-01|A-WALL kuwa Sakafu-01$0$A-WALL, na asili ya kila leya inabaki kujulikana. Chaguo la Insert linaondoa jina la faili na kuziunganisha leya zenye jina moja. Ni safi zaidi kwa macho, lakini A-WALL ya sakafu ya chini na ya juu zitakuwa leya moja, na hakuna atakayeweza kuzitenganisha kwa kuzima leya.