Somo: Kuchagua chumba kwenye meli ya kitalii (someni mpaka mwisho kabla ya kunipigia simu)

Kila kaskazi ikianza na zile meli nyeupe zikionekana zinaingia Kilindini, simu yangu haitulii. "Dada, nichukue chumba cha dirisha au cha roshani?" Swali hilo nimelijibu Marikiti, nimelijibu kwenye feri ya Likoni, nimelijibu hadi matangani. Leo nalijibu hapa kwa urefu, na atakayeniuliza tena nitamtumia somo hili.

Nimesafiri kwa meli hizi mara nne, mara mbili nikiwa na mama. Binamu yangu ni mhudumu wa vyumba melini, yuko kwenye mkataba wake wa sita, na mengi ya humu nimeyapitia naye neno kwa neno.

Hatua ya 1. Andika nani atalala humo: umri, magoti, usingizi wake mwepesi au mzito, na kama bahari humlevya.

Hatua ya 2. Zijue aina.

Chumba cha ndani hakina dirisha. Ukubwa wake kwa kawaida ni mita za mraba 13 hadi 17, kitanda, choo na bafu humohumo. Ukizima taa hujui kama ni saa saba ya mchana au ya usiku. Ndicho cha bei ya chini, na mtu wa kurudi chumbani kulala tu hapungukiwi na kitu. Meli nyingine zina vyumba vya ndani vyenye dirisha linalotazama ndani ya meli yenyewe. Voyager of the Seas ya mwaka 1999, kwa mfano, ina vyumba vinavyotazama njia ya maduka iliyo katikati yake. Mwanga unaupata, bahari huioni.

Chumba cha dirisha kina kioo kisichofunguka. Jua linaingia, upepo hauingii. Kwa mtu mzima anayeamka alfajiri na kutaka kujua amefika wapi, hiki ndicho ninachokipendekeza mara nyingi.

Cha roshani kina mlango wa kioo, viti viwili na meza ndogo nje. Sisi watu wa Mombasa roshani tumezikuta Mji wa Kale, kwa hiyo neno lenyewe tu linatuvuta. Lakini soma maelezo yake. Oasis of the Seas ya mwaka 2009 ina roshani zinazotazama bustani iliyo ndani ya meli. Ni pazuri, ila aliyelipa akitarajia maji ataumia moyo.

Switi ina sebule, na wenye switi aghalabu hupanda na kushuka kabla ya wengine. Familia ya watu wanne ipige hesabu ya vyumba viwili vyenye mlango wa kati kwanza: huenda ikawa nafuu, na mnapata vyoo viwili.

Hatua ya 3. Bei inayotangazwa ni ya mtu mmoja, kwa hesabu ya watu wawili chumbani. Ukilala peke yako unaweza kutozwa hadi maradufu. Ongeza kodi za bandari na bakshishi ya wahudumu inayokatwa kila siku.

Hatua ya 4. Mahali pa chumba. Hapa ndipo nilipokosea, naomba msome polepole.

Safari yangu ya kwanza na mama ilitoka Durban kwenda pwani ya Msumbiji na kurudi. Nilitaka kumheshimu. Nikachukua roshani, deki ya juu kabisa ya vyumba, mbele kabisa, omo. Nilidhani juu na mbele ndiko kwenye fahari. Tena mama ni mzaliwa wa Lamu, majahazi ameyapanda tangu utotoni, bahari haijapata kumlevya. Sikuwa na wasiwasi hata kidogo.

Usiku wa kwanza upepo wa kusini-magharibi ulivuma. Pwani ile kuna mkondo wa Agulhas, unateremka kuelekea kusini-magharibi, na upepo ukija kutoka huko unakutana nao uso kwa uso. Mawimbi yanakuwa mafupi, yamesimama wima. Omo ikawa inapanda, inasita, kisha inaanguka. Mama alitapika mpaka hakuna cha kutoka. Saa nane usiku nilimshika mkono tukateremka hadi kwenye viti vilivyo karibu na lifti za katikati, deki ya 5, na hapo ndipo alipopata usingizi, ameketi, kichwa begani kwangu. Usiku wa pili tulikwenda palepale. Chumba nilichokilipia kwa akiba ya miezi kumi na moja kililala mabegi.

Jahazini mama alikuwa akikaa karibu na maji, macho yake yanaiona bahari. Mimi nilimpandisha juu, nikamweka kwenye ncha, gizani. Wazee walisema enda tezi na omo, marejeo ni ngamani, na mimi niliusikia msemo huo tangu utoto bila kufikiri kwamba ni maelezo ya chombo. Tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, na ngama iko katikati na chini. Pale ndipo chombo kinapotulia.

Kwa hiyo shikeni haya:

– Chagua katikati kwanza, aina baadaye. Cha ndani kilichoko katikati deki ya chini kinamfaa mgonjwa wa bahari kuliko roshani ya omo.

– Omo kuna nanga. Ikishushwa mapema asubuhi, mnyororo wake unanguruma kama lori linamwaga kokoto. Kuna pia mashine zinazoisukuma meli ubavuni ikifunga gati, nazo zinatikisa kitanda.

– Tezi kuna mtetemo wa rafadha inayoisukuma meli. Roshani za tezi zina mandhari nzuri sana, lakini ni za mwenye usingizi mzito.

– Usikubali wakala akwambie "meli za siku hizi hazitikisiki". Mimi niliambiwa hivyohivyo.

Hatua ya 5. Ramani ya deki. Kila kampuni inaiweka kwenye tovuti. Tafuta chumba chako, kisha tazama deki ya juu yake na ya chini yake. Unataka vyumba juu na vyumba chini. Chumba chetu kilikuwa chini ya deki ya bwawa la kuogelea, na alfajiri wafanyakazi walikuwa wakiburura viti kuvipanga. Epuka pia kilichoko chini ya jikoni, juu ya ukumbi wa muziki, au kando ya lifti kabisa. Kilicho na mlango wa kati kinapitisha sauti za jirani. Kama hujui jirani ni nani, kiache.

Ukiona chumba cha dirisha kina bei ya chini kuliko wenzake, huenda kimezibwa na boti ya kuokolea. Utaamka unatazama ubavu wa boti ya rangi ya chungwa. Kampuni huandika jambo hilo, lakini kwa maandishi madogo.

Hatua ya 6. Ukiona herufi GTY, maana yake unalipia aina ya chumba na kampuni itakuchagulia namba. Kijana peke yake anaweza kuokoa fedha hapo. Ukiwa na mzee au mtoto, lipia namba unayoijua.

Hatua ya 7. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti. Lipa, hifadhi risiti.

MASWALI

Kijana wa Kisauni: Dada shukrani, ila kwa ufupi, kipi bora?

Jibu: Hatua ya 1. Hujaniambia nani atalala humo.

Mama wa Bamburi: Dada, nimesoma mara mbili. Naomba kuelewa, kwa nini katikati kunatulia na meli yote ni chuma kimoja? Na upande wa kulia au wa kushoto una tofauti?

Jibu: Ahsante kwa swali hili, mama. Chukua ubao mrefu uuweke juu ya jiwe, watoto wawili wakae kwenye ncha. Wa ncha wanapanda na kushuka, aliyekaa juu ya jiwe hasogei sana. Meli inapopanda wimbi ni hivyohivyo. Ikilala ubavu kwa ubavu, aliye juu anayumbishwa zaidi, kama mtu aliye kileleni mwa mnazi. Meli kubwa zina mapezi chini ya maji yanayopunguza kule kulala ubavu, lakini kule kupanda na kushuka kwa omo na tezi hayakuzuii.

Upande una maana katika safari ya kwenda tu. Kutoka hapa kwenda Unguja meli inaelekea kusini, bara iko kulia na jua linachomoza kushoto. Wakati wa kaskazi, joshi, yaani upande upepo unakotoka, itakuwa kushoto, kwa hiyo roshani za huko zinapata upepo. Safari ya kwenda na kurudi, pande zinabadilishana. Kwenye meli nyingi namba witiri ziko upande mmoja na shufwa upande wa pili, lakini hakikisha kwenye ramani.

Mteja mpya: Bei gani?

Jibu: Meli ipi, mwezi gani, watu wangapi?

Msafiri wa Nyali: Mimi nililala omo deki ya juu siku saba, sikuona shida yoyote. Unawatisha watu bure.

Jibu: Nafurahi kwamba ulilala vizuri. Hukusema ni bahari gani wala mwezi gani. Sikuandika kwamba kila anayelala omo ataugua. Nimeandika kwamba penye mawimbi, omo juu ndipo panapoumiza zaidi, na atakayeumia huenda akawa mzazi wako. Mama yangu hakulala kitandani siku mbili, na sitaacha kulisema.

Kijana wa Kisauni: Sawa dada, nimerudi. Ni mimi na mke wangu, fungate, usingizi mzito, hatulewi bahari. Lakini yeye anaogopa deki za chini, anasema meli ikipata ajali wa chini ndio wa kwanza kufa.

Jibu: Sasa tunaweza kuzungumza. Chukueni roshani ya katikati, na kama fedha haitoshi, dirisha la katikati. Mwambie mke wako vyumba vya abiria kwa kawaida viko juu ya usawa wa maji; walio chini zaidi ni wafanyakazi. Kinachookoa ni kujua pa kukusanyika. Costa Concordia ilipopata ajali Januari 2012 wakafa watu 32, waliopanda siku ile walikuwa hawajafanya zoezi la kujiokoa. Sasa sheria inataka zoezi lifanyike kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka. Lihudhurieni, mkihesabu milango kutoka chumbani hadi ngazi.

Binti wa Majengo: Dada, na kibla? Chumba cha ndani utajuaje umeelekea wapi?

Jibu: Swali zuri, mama naye aliniuliza. Hapa Mombasa Makka iko kaskazini karibu sawasawa, lakini ukifika Shelisheli kibla kimeshasogea kaskazini-magharibi, na meli nayo inageuka. Dira ya simu chumbani inapotoshwa na chuma. Fungua runinga kwenye chaneli ya ramani, inaonyesha omo imeelekea wapi. Siku ya kwanza tazama kwenye ramani ya deki kitanda chako kimelala vipi ukilinganisha na omo, ukiandike. Kuanzia hapo utajua bila kutoka chumbani. Na beba kopo, vyoo vyao havina mpira wa maji. Chakula halali waandikie wiki kadhaa kabla.

Baharia mstaafu: Mwanangu umesema kweli kuhusu ngama. Mimi nilikuwa kijana Kilindini wakati meli zilizoitwa Karanja na Kampala zikija kutoka Bombay. Wengi walisafiri sitahani, mkeka, sanduku na jiko lao. Waliozoea walikuwa wakikimbilia katikati kabla ngazi haijapandishwa. Wageni walikwenda mbele kwa ajili ya upepo, na usiku wa pili walirudi wakiomba nafasi.

Jibu: Shikamoo mzee. Ningekufahamu kabla ya Durban, mama angelala. Nitaomba nafasi nije unisimulie zaidi.

Mama mtarajiwa: Mimi nina mimba, chumba gani kinanifaa?

Jibu: Kabla ya chumba: kampuni nyingi hazimpokei mjamzito aliyefikisha wiki ya 24, na wanahesabu hadi siku ya mwisho ya safari. Zungumza na daktari wako, hesabu wiki zako, kisha rudi. Kama wanakupokea, katikati, deki ya chini, karibu na lifti lakini si kando yake.

Mteja mpya: Desemba, watu wawili.

Jibu: Meli ipi?

Fundi wa Changamwe: Naongeza, kuta za vyumba ni chuma, beba vikulabu vya sumaku uning'inize taulo na kofia. Waya wa kuongeza soketi wenye kinga ya umeme wanauzuia, na pasi ya nguo pia wataichukua mlangoni.

Jibu: Kweli kabisa. Nami naongeza: ukiacha mlango wa roshani wazi, joto la nje linaingia na chumba hakipoi tena. Na nguo usianike huko, upepo utazichukua.

Mama wa Bamburi: Dada, nimepewa viwili nichague. Cha kwanza dirisha, deki ya 6, katikati. Cha pili roshani, deki ya 10, kuelekea mbele, na tofauti ya bei ni ndogo sana. Nitakuwa na mama mkwe, miaka 71, ana goti.

Jibu: Cha kwanza. Ila kabla hujalipa tazama mambo mawili: kama boti za kuokolea zinaning'inia mbele ya hilo dirisha, na kama bafu lina kizingiti. Kwa lile goti, uliza kama wana chumba cha wenye ulemavu: mlango mpana, bafu lisilo na kizingiti, vyuma vya kushikilia. Vipo vichache na huisha mapema, kwa hiyo piga simu leo. Niandikie jina la meli na namba ya chumba, jioni nikitoka kazini tutaifungua ramani pamoja.