Kumuuguza nyumbani mgonjwa aliyepandikizwa punje za mionzi

Nauguza wagonjwa wa saratani, na siku ya kuruhusiwa ndugu huniuliza kwa sauti ya chini: "Tunaweza kumgusa?" Mguseni. Mkumbatieni, mwogesheni, kuleni naye. Punje za iodini-125, yaani vipande vidogo vyenye mionzi vinavyopandikizwa ndani ya uvimbe ili kuua saratani, zimefungwa ndani ya ganda la titani lenye urefu wa milimita 4.5 hivi, kwa hiyo mate, jasho na nguo za mgonjwa havibebi mionzi. Inaniuma sana kuona mgonjwa aliyelemewa na saratani akitengewa kikombe chake.

Wa kujihadhari ni mjamzito na watoto wadogo. Wamsalimie, wazungumze naye, ila wakiwa mita moja au mbili kutoka kwake, na mtoto asipakatwe mpaka daktari aruhusu. Muda huo hutegemea idadi ya punje na mahali zilipo. Nguvu ya mionzi hupungua kwa nusu kila baada ya siku 60 hivi.

Punje ikitoka, kwa mkojo au kwa kikohozi, usiishike kwa vidole. Iokote kwa kibano au kijiko, itie kwenye kopo lenye mfuniko, iweke mbali na watu, kisha uipigie simu hospitali. Usiitupe.

Uvimbe hausinyai kwa siku moja, kwa hiyo msimwachishe dawa za maumivu bila kumuuliza daktari. Akisafiri, abebe kadi ya matibabu. Vipima mionzi vya uwanja wa ndege vinaweza kulia. Akifariki mapema, mionzi ikiwa bado ina nguvu, wajulisheni hospitali kabla ya mazishi, hasa kama mwili utachomwa.