Somo: kuanza insulini Tabora, hata kama huna friji

Wengi wenye kisukari walioandikiwa insulini, dawa ya kuchoma inayoshusha sukari mwilini, wanaogopa sindano, na hapo ndipo ninapobishana nao. Sindano yake ni fupi na nyembamba, haina uchungu wa ile ya kwinini tuliyochomwa utotoni. Kinachowaangusha watu huku kwetu ni joto, na kuchoma dawa halafu usile.

Hatua ya kwanza: kijue kichupa chako kabla hujaondoka dirisha la dawa. Insulini ya kawaida iliyo angavu kama maji hufanya kazi haraka, huchomwa kama nusu saa kabla ya kula, ila zipo angavu za muda mrefu pia, kwa hiyo soma jina. Yenye rangi ya maziwa ni ya muda wa kati, au ni mchanganyiko wa hiyo na ile ya haraka. Usiazime ya jirani kwa kuwa vichupa vimefanana. Kila mililita moja ina yuniti 100, kwa hiyo bomba liwe la insulini, limeandikwa U-100. Bomba la kawaida halina alama za yuniti, na kukosea kidogo tu kunaweza kukulaza.

Hatua ya pili: kuhifadhi. Kichupa ambacho hakijafunguliwa hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, mbali na sehemu ya barafu. Kikiganda, usikitumie hata kikiyeyuka. Kilichofunguliwa hukaa nje wiki 4, mradi joto lisizidi nyuzi 25 hadi 30. Septemba na Oktoba, chini ya bati, hilo halipo. Basi tafuta chungu kikubwa, tia mchanga, uloweshe, zamisha ndani yake chungu kidogo kikavu. Weka kichupa kwenye kopo lenye mfuniko, kopo liingie chungu kidogo, funika kwa kitambaa kilicholowa. Kiweke chungu kivulini penye upepo, umwagie mchanga maji asubuhi na jioni. Wakati wa kiangazi chungu hiki kinapoza vizuri. Masika, hewa ikiwa na unyevu, kinapoza kidogo tu, kwa hiyo vichupa vya akiba omba vitunzwe kwenye friji ya zahanati.

Hatua ya tatu: kuchoma. Nawa mikono. Ile ya rangi ya maziwa ibingirishe viganjani mpaka ichanganyike, usiitikise. Vuta hewa kwa kipimo cha dozi, isukume kichupani, geuza, vuta dawa, toa mapovu. Choma tumboni, vidole vitatu kutoka kitovuni, au pajani upande wa nje. Hesabu hadi kumi ndipo uchomoe. Badilisha mahali kila mara. Ukirudia palepale patatokea kinundu, na dawa haitaingia sawasawa.

Hatua ya nne: chakula kiwe tayari kabla ya sindano. Jasho, kutetemeka, njaa ya ghafla au maneno kuvurugika ni sukari kushuka, chini ya 4 kwenye kipimo kinachosoma mmol/L. Kunywa maji yenye vijiko vitatu vya chai vya sukari, ngoja dakika 15, upime tena. Bado iko chini? Rudia. Ikipanda, kula. Aliyezimia asitiwe kitu mdomoni, akimbizwe hospitali.

Maswali ya wanachama

Mama wa Isevya: Sista, ni kweli insulini inapofusha?
Hapana, mama. Macho huharibiwa na sukari iliyokaa juu miaka mingi, na wengi wetu tunaanzishiwa insulini tumeshachelewa, lawama ikaangukia dawa. Wiki za mwanzo macho yanaweza kuona ukungu, kisha hutulia. Pima macho kila mwaka.

Mzee wa Sikonge: Asali yetu ni ya porini, haina sukari ya kiwandani. Niendelee nayo?
Shikamoo mzee. Ya porini nayo inapandisha sukari. Itunze kwa siku ya sukari kushuka: kijiko kimoja cha chakula kinatosha.

Kijana wa Ipuli: Nikiugua malaria na sili, niache sindano?
Usiache mwenyewe, hasa kama ulianza kuugua sukari ukiwa mdogo. Homa hupandisha sukari hata bila chakula. Kunywa maji, pima kila baada ya saa chache, piga simu kliniki wakupangie dozi. Ukitapika mfululizo, nenda hospitali siku hiyohiyo.